Ruzuku ya Mbolea: Hesabu ya Mkulima wa Mbwajumali

Mfuko wa mbolea wa kilo 50 unaouzwa ghalani kwa bei ya ruzuku ya shilingi 2,500 haufiki Mbwajumali kwa shilingi 2,500. Hupanda gari hadi gati la Mokowe, ukashushwa, ukapakiwa chomboni, ukavuka hadi Mtangawanda au upande wa Faza kulingana na maji, kisha ukamalizia safari kwa punda au bodaboda hadi kijijini. Kila mkono unaouinua hulipwa. Mwenye shamba anapoumwaga kondeni amekwisha kulipa bei nyingine kabisa, na hiyo ndiyo anayopaswa kuipigia hesabu kabla ya masika.

Somo hili linahusu bei hiyo ya pili. Linaeleza ruzuku ya kilimo ni nini, imefanya nini hapa Kenya na kwa majirani, na kwa nini mpango mmoja unaweza kumfaa mkulima wa Trans Nzoia ukamwacha njiani mkulima wa kisiwa cha Pate.

Maana ya ruzuku

Neno ruzuku ni ndugu wa riziki. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Katika mambo ya serikali maana yake ni fedha za umma zinazolipia sehemu ya gharama ili mwananchi apate kitu kwa bei nafuu, au auze zao lake kwa bei isiyomtia hasara. Ruzuku si zawadi, kwa kuwa imetoka katika kodi, na kodi hulipwa hata na mvuvi wa Kizingitini anaponunua sabuni dukani. Wala si mkopo, maana mkulima harudishi kitu.

Huja kwa sura nyingi. Serikali inaweza kupunguza bei ya mbolea na mbegu, kulipia sehemu ya bima ya mazao, kuondoa ushuru kwenye zana, kununua nafaka kwa bei iliyotangazwa mapema, au kumlipa afisa wa kilimo anayemtembelea mkulima bila kumtoza. Huo wa mwisho watu wengi hawauiti ruzuku. Ni ruzuku hata hivyo, tena pengine ndiyo yenye faida ya kudumu zaidi.

Kenya imepitia mipango kadhaa. Mwaka 2007 ulianza mpango wa kitaifa wa kuwasaidia wakulima wadogo kupata pembejeo, ambao sehemu yake iliitwa Kilimo Plus: mkulima maskini alipewa vocha ya kilo 100 za mbolea na kilo 10 za mbegu ya mahindi, kiasi cha ekari moja. Baadaye serikali iliagiza mbolea kwa wingi na kuiuza kwa bei ya chini kupitia maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB. Kisha bei ya mbolea duniani ikapanda sana mwaka 2021, na vita vya Ukraine vilivyozuka Februari 2022 vikaipandisha zaidi. Mfuko ulikuwa ukiuzwa madukani kwa shilingi 6,500 na kuendelea. Septemba 2022 serikali ya kitaifa ikatangaza bei ya ruzuku ya shilingi 3,500 kwa mfuko wa mbolea ya kupandia, na Agosti 2023 ikaishusha hadi 2,500.

Utaratibu wake ni huu. Mkulima husajiliwa kupitia ofisi ya chifu kwa kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba na mazao anayolima. Msimu ukikaribia hupokea ujumbe wa simu wenye vocha, huenda nao kwenye kituo cha mauzo, akalipa sehemu yake na kuchukua mbolea. Kwa asiyesajiliwa, ruzuku hiyo haipo hata kama ghala limejaa.

Jambo moja la usajili huleta malalamiko baadaye. Katika nyumba nyingi shamba hulimwa na mama, lakini jina na nambari ya simu vinavyoandikishwa ni vya baba, ambaye huenda yuko baharini, Lamu mjini au Mombasa. Ujumbe unaingia katika simu isiyokuwapo kijijini, na vocha inakwisha muda wake. Anayefaa kusajiliwa ni yule anayelima.

Hesabu ya kuvuka maji

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba gari, chombo, wachukuzi na punda kwa jumla vinagharimu shilingi 900 kwa kila mfuko, na nauli ya mkulima mwenyewe kwenda ghalani na kurudi ni shilingi 1,500. Bei hizi hubadilika, na kila mtu anaweza kuweka za kwake. Mkulima anayefuata mifuko miwili, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, atalipa shilingi 5,000 za mbolea, 1,800 za usafiri wa mizigo na 1,500 za nauli. Jumla ni 8,300. Kila mfuko umemfikia kwa shilingi 4,150.

Sasa wakulima kumi wakiungana, mizigo yao ikasafiri pamoja na mtu mmoja tu akaisindikiza, mifuko yao 20 itagharimu shilingi 50,000 za mbolea, 18,000 za usafiri na 1,500 za nauli, yaani 69,500. Mfuko mmoja ni shilingi 3,475. Wameokoa shilingi 675 kwa kila mfuko bila serikali kuongeza hata senti moja. Kwa kuwa vocha hutolewa kwa jina la mkulima mmoja mmoja, kikundi kiulize kwanza kituoni kama mtu mmoja anaruhusiwa kuchukua kwa niaba ya wenzake na ni karatasi gani zinatakiwa. Sehemu nyingine za nchi vyama vya ushirika vimefanywa vituo vya kuisogeza mbolea karibu na wakulima, na hilo kisiwa kina haki ya kuliomba.

Hesabu ya upande wa pili ni ya mavuno. Gunia la mahindi la kilo 90 likiuzwa, tuseme, kwa shilingi 4,000, mkulima aliyetumia shilingi 8,300 kwa mbolea anahitaji kupata magunia mawili na zaidi kidogo juu ya yale ambayo angevuna bila mbolea, ndipo arudishe fedha zake. Mwaka wa mvua njema hilo linawezekana. Lakini kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa haba katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya, Lamu ikiwamo. Katika msimu kama huo mbolea hubaki juu ya udongo mkavu, na deni la chombo hubaki kwa mwenye chombo.

Mbolea yenyewe nayo si lazima iwe mbolea. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia mpango wa ruzuku haikufikia viwango, na serikali ikaahidi kuwafidia wakulima walioinunua. Aliyetunza risiti na mfuko mtupu ndiye aliyekuwa na cha kuonyesha. Kwa mkulima wa kisiwani, ambaye hawezi kurudi ghalani kesho yake kubadilisha, ukaguzi unafanyika pale pale kabla ya kulipa: mshono wa mfuko uwe haujaguswa, alama ya ubora iwepo, na jina la mbolea lilingane na lililoandikwa kwenye risiti.

Udongo wa Pate haukuulizwa

Mpango wa kitaifa umejengwa juu ya picha ya shamba la nyanda za juu: udongo mzito, mwekundu, wenye asidi, na mahindi kutoka kingo hadi kingo. Pate ni kisiwa cha mchanga na mwamba wa matumbawe. Sehemu nyingi udongo wake ni mwepesi, una chokaa na hauna mboji ya kutosha. Mambo matatu hufuata kutokana na hali hiyo.

La kwanza, mchanga haushiki maji wala chakula cha mmea. Naitrojeni iliyotiwa kwa mara moja huoshwa na mvua kubwa ya Mei ikashuka chini kuliko mizizi. Ni afadhali kuigawa mara mbili au tatu, kidogo kidogo. La pili, chokaa nyingi huifunga fosforasi isipatikane kwa mmea, kwa hiyo sehemu ya fedha iliyolipiwa mbolea ya kupandia inaweza kukaa ardhini bila kazi. La tatu, mbolea ya urea ikiachwa juu ya udongo wa aina hii hugeuka hewa ikapotea, lazima ifukiwe. Pale chokaa inapozidi, salfeti ya amonia, ambayo ilikuwamo katika orodha ya ruzuku ya 2022, mara nyingi hufaa kuliko urea.

Hakuna anayeweza kujua kwa macho shamba lake lina upungufu gani. Udongo hupimwa maabara, na shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lina kituo chake cha Pwani huko Mtwapa. Sampuli ya kikundi kizima, iliyochotwa sehemu kadhaa za shamba na kuchanganywa, hugharimu kidogo ikilinganishwa na mfuko mmoja uliomwagwa mahali usipohitajika. Afisa wa kilimo wa wadi ndiye wa kuulizwa namna ya kuichota na kuituma.

Kuna pia njia ya kutumia mbolea kidogo kwa shabaha. Wakulima wa maeneo makavu ya Niger na Zimbabwe wamefundishwa kuweka kizibo kimoja cha chupa ya soda, kiasi cha gramu 5, katika kila shimo badala ya kuinyunyiza shamba zima. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 60 ina mashimo yapatayo 7,500. Hiyo ni kilo 37 hivi. Mfuko mmoja unatosha ekari na ziada, na mvua ikikatika hasara ni ndogo.

Tena iko mbolea isiyovuka bahari. Kisiwa kina ng'ombe, mbuzi na punda wengi. Tani moja ya samadi kavu yenye naitrojeni ya asilimia 1 ina kilo 10 za naitrojeni, wakati mfuko wa DAP una kilo 9. Samadi hufanya kazi polepole na ni nzito kubeba, lakini huleta mboji, kitu ambacho hakuna mfuko wa ruzuku unaokileta. Kunde zilizopandwa kati ya mahindi nazo huvuta naitrojeni kutoka hewani, na majani yake huliwa jikoni kabla ya mbegu kukomaa. Wazee wa kijiji hawakuhitaji somo la gazeti kulijua hilo.

Walijua pia kupumzisha ardhi. Kwa jadi konde la Pate lilifyekwa, likachomwa, likalimwa misimu michache, kisha likaachwa msitu urudi. Watu wamezidi na miaka ya kupumzika imepungua. Hapa ndipo ruzuku inaweza kuvuta pande mbili. Mbolea kidogo ikichanganywa na samadi humwezesha mkulima kubaki kwenye konde lile lile na kuuacha msitu uliobaki. Mbolea hiyo hiyo ikitolewa kwa hesabu ya ekari, kwa mahindi tu, inaweza kumshawishi kufyeka zaidi na kuacha mtama na ufuta, mazao yanayovumilia ukame kuliko mahindi.

Yaliyowapata wengine

Malawi ndiyo nchi inayotajwa zaidi. Baada ya njaa ya 2005 serikali yake ilianza mpango mkubwa wa ruzuku ya mbolea na mbegu. Mavuno ya mahindi yalipanda, na mwaka 2007 nchi ikauza mahindi nje. Sifa zikaenea Afrika nzima. Lakini mpango huo ulikula fedha: katika baadhi ya miaka ulichukua zaidi ya nusu ya bajeti yote ya wizara ya kilimo, na kilichobaki hakikutosha utafiti, barabara za vijijini wala maafisa wa kilimo. Mwaka 2020 ukapewa jina jipya na kupanuliwa, na bei ya mbolea duniani ilipopaa mwaka uliofuata, serikali ikajikuta haiwezi kuwahudumia wote iliowaahidi.

Tanzania ilijaribu kuweka mlango wa kutokea. Mpango wake wa vocha ulioanza msimu wa 2008/09 ulilipia nusu ya bei ya pembejeo za ekari moja, na kila kaya ilikusudiwa kusaidiwa miaka mitatu tu, kisha ijitegemee. Vocha zilitumika katika maduka ya pembejeo ya kijijini, kwa hiyo mwenye duka naye alipata biashara na sababu ya kuleta mzigo hadi huko ndani. Wazo hilo la duka linafaa kuangaliwa kwa makini na kila anayeishi kisiwani. Ruzuku inayopitia ghala la mbali huliacha duka la kijiji likiwa tupu, na siku ruzuku inapokoma hakuna anayeuza tena.

Sri Lanka ilikwenda upande wa pili kabisa. Mwaka 2021 ilipiga marufuku uagizaji wa mbolea za viwandani kwa ghafla, ikitaka nchi nzima ilime kwa mbolea ya asili. Mavuno ya mpunga na chai yaliporomoka, na kabla ya mwaka kwisha serikali ikarudi nyuma. Kwa hiyo anayesema mbolea ya dukani ni sumu tupu, na anayesema bila hiyo hakuna kilimo, wote wawili wana nchi ya kwenda kutazama.

Fedha inakaa wapi

Ruzuku haigusi shamba peke yake. Shilingi ya umma inayolipia mbolea iliyotengenezwa ng'ambo hupita kwa mwagizaji, kwa mwenye lori na kwa mwenye ghala, na kijijini hubaki kile tu kitakachoongezeka katika mavuno. Shilingi inayolipia kukarabati jabia la kijiji hulipa fundi wa Siyu au Faza, mchimbaji wa Mbwajumali na mwenye punda aliyebeba mawe, nao huinunua kwa mwenzao samaki, unga na nazi. Kisha jabia hubaki likikusanya mvua kwa miaka mingi baada ya fedha kwisha. Hiyo si sababu ya kuikataa mbolea. Ni sababu ya kuuliza, kila bajeti inapoandaliwa, kiasi gani kinakwenda kwa kitu kinachoisha msimu mmoja na kiasi gani kwa kitu kinachobaki.

Mbwajumali pia ina soko karibu. Miji ya wavuvi upande huo wa kisiwa hula mboga, kunde na nazi kila siku, na kile ambacho hakilimwi kisiwani huletwa na chombo kwa gharama ile ile ya usafiri iliyompiga mkulima wa mbolea. Gharama ya kuvuka maji, ambayo ni adui yake anaponunua, ni ngao yake anapouza. Tungule na mchicha wa kijijini hazilipi nauli ya chombo.

Mboga zinataka maji, na ahadi ya pampu za jua kwa bei ya ruzuku huwavutia wengi. Hapo panahitaji tahadhari. Katika jimbo la Punjab, India, wakulima wamepewa umeme wa bure wa kupampia maji kwa miaka mingi, na maji ya chini ya ardhi yameshuka mwaka baada ya mwaka kwa sababu hakuna anayelipia kuyavuta. Kisiwani hatari ni kubwa zaidi: maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, na kisima kikivutwa kwa nguvu chumvi hupanda. Kisima kikishaingia chumvi hakirudi haraka. Pampu ya ruzuku isiyokuja na kipimo cha chumvi na makubaliano ya saa za kuvuta inaweza kukiharibu kisima cha mtaa mzima.

Pa kupeleka hesabu hii

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sera ya kilimo ni ya serikali ya kitaifa, na shughuli za kilimo cha mazao na mifugo ni za kaunti. Bei ya mfuko basi hupangwa Nairobi. Lakini afisa wa kilimo, kituo cha kuhifadhia, samadi, miche, jabia na usafiri wa pembejeo hadi visiwani ni mambo ambayo mkaazi anaweza kuyadai katika bajeti ya kaunti yake. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 pia vinampa haki ya kuomba kujua mifuko mingapi imeletwa, imeuzwa wapi, na wangapi katika wadi yake wamesajiliwa.

Tarehe zinajulikana kabla. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na umma hutakiwa kushirikishwa njiani. Maoni ya maandishi hupokelewa sawa na ya mdomo. Barua ya kikundi yenye majina, ekari, idadi ya mifuko inayotakiwa na nauli halisi ya chombo ikabidhiwe ofisi ya wadi kabla ya Februari, na nakala yake iliyogongwa muhuri irudi kijijini na aliyeipeleka.